Kura ya Lodi Thornmere

Dakta Rispah Kathambi hakuwa mtu wa kutishwa na lango la chuma. Siku ya kwanza alipofika Westcliff, kwenye kile kilima chenye nyumba za mawe zinazoitazama Johannesburg kutoka juu kana kwamba jiji zima ni bustani yao, mlinzi alimwuliza kama amekuja kwa kazi ya jikoni. Rispah akashusha kioo cha gari na kutabasamu.

"Nimekuja kwa kazi ya kuandika," alisema. "Mwambie mwenye nyumba mwanahistoria amefika, na mwanahistoria hapendi kungoja juani."

Lango likafunguka.

Mwenye nyumba alikuwa Edmund Harcastle, Lodi wa Thornmere, Mwingereza wa miaka tisini, mrefu hata baada ya uzee kumkunja mabega. Alikuwa ameketi barazani, blanketi magotini. Alipomwona mgeni aliinua mkono akasema, "Muga!"

Rispah alisimama pale pale. Hiyo ni salamu ya kwao Meru. Hakuwa ameisikia tangu alipokwenda nyumbani Krismasi, na hakutegemea kuisikia kutoka kinywa kile.

"Muga," akaitika. "Mzee, umeitoa wapi?"

"Huko huko ulikozaliwa," akajibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha zamani, kilichonyooka na chenye vumbi kidogo, kama suti nzuri iliyokaa kabatini miaka mingi. "Ndiyo maana nimekutafuta wewe. Waandishi wa London watanigeuza sanamu. Nataka mtu anayejua harufu ya Meru mvua inapoanza kunyesha. Karibu, Mwalimu. Nina maisha ya kukusimulia, na sina siku nyingi."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Kila Jumanne na Ijumaa, akishamaliza kufundisha chuo kikuu, Rispah alipanda kilima kile na kinasa sauti chake. Mlangoni alipokewa na Héritière, muuguzi wa mzee, mwanamke wa Lubumbashi aliyepanga chumba mtaa wa Berea na aliyejua habari za nyumba ile kuliko mwenyewe. "Mama Rispah, ingia," angemwambia. "Muzee leo iko na furaha. Lakini usimuchokeshe, hajakula bado."

Na mzee alijua kusimulia, hilo Rispah hakumnyima. Alisimulia jumba la vyumba sitini alikozaliwa, ambako mtoto alimwona baba yake kwa miadi kama mtu anayekwenda kwa daktari wa meno. Alisimulia alivyotoroka ubaridi ule akiwa na miaka ishirini na miwili, akaenda Meru mwaka 1957 kuwa afisa msaidizi wa kilimo, huku kahawa hajawahi kuiona ila ndani ya kikombe. Huko akapata rafiki, Mahmoud, Mhindi fundi cherehani mwenye duka mjini. Mwaka 1959 homa ya matumbo ikamkamata. Hospitali imejaa, Waingereza wenzake wanaogopa kuambukizwa, na Mahmoud akamchukua akamlaza nyumbani kwake. Siku arobaini mke wa Mahmoud alimnywesha uji kwa kijiko.

"Walinirudishia uhai," mzee alisema, akitazama mikono yake. "Baba yangu alinipa jina tu."

Aliporudi Uingereza aliingia siasa. Mwaka 1964 alichaguliwa kuingia Baraza la Makabwela, yaani bunge la watu wa kawaida, na alikaa humo miaka kumi na mitano. Kisha baba yake akafa, ulodi ukamwangukia, na kwa sheria za wakati ule mtu akishakuwa lodi haruhusiwi kukaa na makabwela. Akahamia Baraza la Malodi. Mwaka 1999 malodi wengi wa kurithi walipotolewa, naye akatoka, akamfuata mkewe Carmel kwao Johannesburg. Carmel alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Picha yake ilikuwa ukutani, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kudai majibu.

Lakini sura ya maisha yake ambayo mzee aliipenda kuliko zote ilikuwa ya Februari 1968. Alipoisimulia aliketi wima, blanketi likaanguka.

"Wahindi wa Kenya walikuwa na pasipoti zetu," alisema. "Tuliwapa wenyewe. Kisha walipoanza kuja, Waingereza wakaingiwa na hofu. Serikali ikaleta sheria ya kuwafungia mlango, ikaisukuma bungeni kwa siku tatu. Siku tatu, Mwalimu! Na chama changu, tuliokuwa wapinzani, nacho kikaiunga mkono. Mahmoud alikuwa ameniandikia. Nami nilikuwa nimemjibu kwamba nitapiga kura ya hapana. Kule kwetu mbunge hapigi kura kwa mkono, anapiga kwa miguu. Kuna shoroba mbili, wa ndiyo na wa hapana, nawe unapita huku au kule mbele ya watu wote. Mnadhimu wa chama, msimamizi wa kura zetu, alisimama njiani, akanitazama. Nikampita. Nikaingia ushoroba wa hapana."

Rispah alirudi nyumbani siku ile akiwa na moyo mkunjufu. Aliiandika sura nzima kwa pumzi moja, na ilikuwa sura nzuri. Ila alikuwa amefundishwa na walimu wakali, naye alikuwa mwalimu mkali. Jumamosi asubuhi, chai ikiwa bado moto, alifungua kompyuta akatafuta Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge, ya siku ile, kusudi aweke tanbihi tu. Majina ya wabunge waliosema hapana hayakuwa mengi, sitini na kidogo. Aliyasoma yote. Akayasoma tena. Kisha akahamia kwenye orodha ndefu ya waliosema ndiyo, wale zaidi ya mia tatu, na hakuhitaji kwenda mbali. Harcastle, E.

Mumewe Moffat, aliyefanya kazi benki na kupenda mambo yanayokwenda sawasawa, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Makena," alisema, "mzee ana miaka tisini. Wachapishaji wa Uingereza wanakingoja hicho kitabu. Iruke hiyo kura, uandike mengine. Wewe si hakimu."

"Ni kweli, si hakimu," Rispah alisema. "Hakimu anaweza kumsamehe. Mimi siwezi hata hilo. Jina langu ndilo litakuwa kwenye jalada, Baba Makena. Siku mwanafunzi wangu mmoja akifungua ukurasa huu niliofungua mimi leo, nitamwambia nini?"

Moffat alikuna kidevu. Alimfahamu mkewe. "Basi angalau mpe nafasi aseme mwenyewe," akasema.

"Ndilo ninalokwenda kufanya."

Jumanne aliweka karatasi mbele ya mzee, juu ya meza ya barazani. Ndege wa hadeda walikuwa wanapiga kelele kwenye nyasi, na Héritière alikuwa anakunja shuka karibu na mlango.

"Mzee, jina lako liko upande wa ndiyo."

Lodi Thornmere hakuigusa karatasi. "Makarani hukosea."

"Hukosea. Ndiyo maana nilitafuta na gazeti la jimbo lako la wiki ile. Ulihojiwa. Ulisema sheria ile inahuzunisha lakini haiepukiki."

Sauti ya mzee ikabadilika, ikawa ya mtu aliyezoea kuitikiwa. "Kazi yako ni kuandika ninachokuambia."

"Hapana, Mzee. Hiyo ni kazi ya kinasa sauti, na kinasa sauti unacho hapo mezani. Mimi ulinitafuta kwa kazi nyingine."

"Héritière," mzee aliita bila kugeuka. "Msindikize Mwalimu kwenye gari lake."

Rispah alikusanya vitu vyake taratibu. Karatasi ya Hansard aliiacha pale pale mezani, akaiwekea kikombe juu isipeperuke. Walipofika langoni, Héritière alimshika mkono. "Eish, Mama Rispah. Mimi namuogesha huyu muzee kila siku. Kuna kitu anabeba. Usiende mbali."

Rispah hakwenda mbali. Alisimama kwenye robot ya kwanza, taa nyekundu ikimtazama, na kabla haijageuka kijani alikuwa amekwisha kuamua. Kama mzee hataki kusema, kuna upande wa pili wa hadithi, na upande ule una watu. Alimpigia shangazi yake Meru.

"Duka la Mahmoud?" shangazi alisema. "Siku hizi wanauza misumari na mabati, lakini sisi bado tunaliita Kwa Mahmoud. Yeye alikufa zamani. Ana binti, Kidawa, alikuwa mwalimu mkuu Nairobi. Mwalimu mkali huyo! Ngoja niulize kanisani, kuna mama aliyefundisha naye."

Baada ya siku mbili namba ilipatikana. Kidawa Mahmoud, miaka sitini na minane, mstaafu, mkazi wa mtaa wa South C, aliipokea simu kama mtu anayefungua mlango wa ofisi.

"Harcastle," alirudia. "Kwa hiyo bado anapumua."

"Anapumua, Mama. Naandika maisha yake, na sitaki kuyaandika vibaya."

"Basi andika hivi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sheria ilikuwa imeshapita, lakini baba aliamini barua ya rafiki yake kuliko redio. Alitutanguliza, mama na sisi watoto watatu. Tulipofika London wakatuweka kwenye chumba cha uwanja wa ndege. Mama alikuwa na barua ile ndani ya mkoba. Alimwonyesha yule afisa, akamwomba apige simu bungeni. Na sisi akatuambia, 'Tulieni, wanangu. Edmundi yuko. Atakuja.' Afisa alikwenda kupiga simu. Aliporudi alisema, 'Mheshimiwa hayupo.' Asubuhi wakaturudisha Nairobi. Nairobi nao wakasema sisi si raia, wakatupandisha ndege tena. Tulikwenda na kurudi mara tatu, Dakta, mpaka Kenya ikakubali tuingie. Mama yangu aliingia safari ile akiwa mwanamke wa kucheka. Sikumsikia akicheka tena."

Rispah aliandika kila neno. "Mama, ungependa nini?"

"Sitaki kitu chake," Kidawa alisema. Kisha, baada ya kufikiri: "Kwenye hicho kitabu, mama yangu anaitwaje?"

Rispah alifungua maandishi yake, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile aliona haya. Ukurasa mzima wa homa, uji na siku arobaini, na mahali pote palisema "mke wa Mahmoud". Mzee alikuwa amesema hivyo, naye alikuwa ameandika hivyo.

"Haitwi," alisema kwa ukweli. "Hilo ni kosa langu pia."

"Zuleikha," Kidawa alisema. "Zuleikha binti Karimu. Andika."

Alhamisi ya wiki iliyofuata, Rispah akiwa anatoka darasani, simu ililia. Alikuwa Héritière. "Mama Rispah, njoo. Muzee hataki kula. Ile karatasi yako anaishika tangu siku ile. Anasema, niitie Mwalimu."

Alimkuta chini ya picha ya mkewe, amenyolewa vizuri, amevaa koti na tai kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Karatasi ilikuwa gotini.

"Keti," alisema. "Washa mashine yako. Mnadhimu wa chama aliniahidi nafasi katika safu ya mbele, kwa viongozi wa chama. Alisema nina mustakabali. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na neno mustakabali lilikuwa tamu. Nikaingia ushoroba wa ndiyo. Ilichukua hatua ishirini hivi. Mwaka uliofuata nilikutana na Carmel kwenye mkutano wa kupinga ubaguzi wa rangi wa huku kwao. Aliniuliza, 'Na wewe ile sheria ya Wahindi uliipigia kura gani?' Nikamwambia hapana. Neno moja tu, kwa sababu alikuwa mzuri na alikuwa ananitazama. Alinipenda kwa kura ile, Mwalimu. Alinitambulisha kwa watu kwa kura ile, miaka hamsini. Mpaka nami nikaanza kuiona miguu yangu ikipita mlango ule mwingine. Nikisema ukweli sasa, namwambia Carmel kaburini kwamba aliolewa na mtu asiyekuwepo."

"Aliolewa na mtu aliyekuwepo," Rispah alisema. "Ila hakuambiwa."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Rispah akaona ndio wakati. Akamweleza yote aliyosimuliwa na Kidawa: chumba cha uwanja wa ndege, barua ndani ya mkoba, watoto watatu wameambiwa watulie. Alipofika mahali ambapo afisa alirudi na kusema mheshimiwa hayupo, mzee aliinua mkono kumzuia.

"Nilikuwepo," alisema.

Héritière, aliyekuwa anamimina chai, alisimamisha birika hewani.

"Nilikuwa mezani kwangu. Katibu wangu aliziba simu kwa kiganja, akaniambia kuna mwanamke uwanja wa ndege, anaitwa Zuleikha. Nilimtambua mara moja. Nikasema, mwambie sipo." Machozi yalimshuka bila sauti, naye hakuyafuta. "Kura mtu anaweza kuielezea. Chama, wapiga kura, mambo ya wakati. Hilo la simu halielezeki."

"Usilielezee," Rispah alisema. "Liseme tu. Na usiniambie mimi. Mwenyewe yuko Nairobi."

"Atakubali kuongea nami?"

"Sijui. Lakini yeye si mtu wa kukwepa simu."

Waliipiga pale pale, kwa video. Uso wa Kidawa ulitokea kwenye kioo, miwani shingoni, nyuma yake kabati la vitabu. Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kidawa alikuwa na uso wa mama yake.

"Kidawa," alisema kwa kile Kiswahili chake cha zamani. "Mimi ni Edmund Harcastle. Usiku ule mlipokuwa uwanja wa ndege, mama yako aliniita na mimi nilikuwepo. Nilisema sipo. Na sheria ile niliipigia kura ya ndiyo, baada ya kumwahidi baba yako. Zuleikha alinilisha siku arobaini. Sikuombi kitu. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu nikiwa hai."

Kidawa hakulia, wala hakupaza sauti. "Nimesikia," alisema. "Miaka hii yote nilidhani labda yule afisa hakupiga simu. Mama alikufa akiamini hivyo, kwamba hukuambiwa. Sasa najua." Alivaa miwani. "Haya uliyoniambia, yaandike hivyo hivyo. Usiyapake sukari. Na uyasome mwenyewe mbele ya watu, kwa mdomo wako, si mdomo wa Dakta."

"Nitayasoma."

"Vizuri," alisema Kidawa, akakata simu.

Mzee akamwambia Héritière kwamba ana njaa. Alikula bakuli zima la supu, na mkate juu yake.

Walifanya kazi miezi mitano bila kupumzika. Mpwa wake wa Uingereza, ambaye ndiye angerithi ulodi, aliandika barua ya kurasa nne akisema babu zao watageuka makaburini. Mzee alimjibu kwa sentensi moja, kwamba wamelala upande mmoja muda mrefu mno. Wachapishaji walisita, wakamwomba Rispah aifupishe sura ile. Aliwaandikia kwamba sura itakaa kama ilivyo au kitabu kitakwenda kwa wengine, na alipokuwa anaituma barua hiyo hakuwa na wasiwasi hata chembe. Baada ya siku kumi walikubali.

Kitabu kilizinduliwa Septemba katika ukumbi wa chuo kikuu. Walikuja maprofesa na watu wa ubalozi, Wakenya wa mabenki na makampuni wakiwa na watoto wao, na Héritière alileta kanisa lake lote kutoka Berea na Malvern, wakina mama wamevaa vitenge vya kung'aa. Kidawa alialikwa, akatumiwa na tiketi. Aliirudisha. "Nilishasafiri vya kutosha kwa ajili ya mtu huyo," aliandika. "Nitatazama kwenye simu."

Lodi Thornmere alikataa kiti cha magurudumu. Alisimama, Héritière upande mmoja na Rispah upande wa pili, akasoma ukurasa ule kwa Kiingereza, kisha akausoma tena kwa Kiswahili. Alipofika kwenye jina la Zuleikha binti Karimu alilitamka polepole, silabi kwa silabi, watu wa nyuma walisikie. Alipomaliza, watu hawakujua kama inafaa kumpigia makofi mtu aliyekiri jambo kama lile. Mama mmoja wa kanisani akaguna, "Mungu wangu," na mzee akamwitikia kwa kichwa kana kwamba hilo ndilo jibu alilolitaka. Kisha akaketi, kwa mara ya kwanza jioni ile, na kumwachia Rispah jukwaa lake.

Mzee aliishi hadi baridi ya Juni iliyofuata. Alikufa asubuhi, akisomewa gazeti. Mpwa wake hakuja kumzika.

Wiki moja baada ya mazishi, Rispah alipokea bahasha nene kutoka Nairobi. Ndani yake mlikuwa na nakala ya kitabu, imesomwa mpaka imelegea, na pembeni mwa kurasa kulikuwa na alama za kalamu nyekundu. Kidawa Mahmoud alikuwa amesahihisha makosa kumi na moja: mtaa uliopotoshwa, mwaka wa kuzaliwa wa kaka yake, aina ya cherehani ya baba yake, na mengine ya jinsi hiyo. Kwenye jalada la ndani aliandika, "Kazi nzuri. Toleo la pili lisitoke na haya."

Rispah alikaa na kitabu kile alasiri nzima, Hansard upande mmoja, madaftari yake upande wa pili. Tisa aliyakubali. Mawili aliyakataa, akavuta simu, akampigia mwalimu mkuu Nairobi kumweleza kwa nini. Walibishana kwa saa nzima, na hakuna aliyekubali kushindwa.